Komenti za wateja mtandaoni zinasaidia kweli ukitaka kununua kitu? Nataka friza, naomba ushauri (Mwanza)

mama_Buzuruga:

Habari zenu wana Mwanza na majirani wote wa kandokando ya ziwa, poleni na majukumu. Nina jambo naomba mnisaidie maana hela yenyewe sio ya kuchezea.

Nauza samaki hapa Buzuruga, sato na vipande vya sangara, mzigo nachukua Mwaloni Kirumba alfajiri nauza mpaka jioni, kinachobaki nakilaza kwenye boksi la barafu na kesho yake wateja wanaanza kunusanusa, bei inashuka. Kikoba chetu tumevunja juzi kwahiyo nataka friza, ile ya kufungulia juu, lita mia mbili na kitu inanitosha. Nimezunguka Rwagasore na Makoroboi bei nimeziona. Alafu nikakutana na duka moja la Dar liko Instagram, friza jina lilelile lita zilezile, wao wako chini kama laki na nusu hivi na wanasafirisha mpaka Mwanza ila unalipa kwanza.

Nimesoma komenti zao mpaka usiku, zote nzuri, "nimepokea mzigo wangu asanteni", "hawa ndo waaminifu mjini", mioyo na viganja vya shukrani tu. Nikatafuta tena jina la hiyo friza kwenye tovuti za nje nikakuta nyota nne na nusu na watu walioandika ni wengi mno. Mume wangu anasema hizo komenti wanajiandikia wenyewe nisizisome kabisa. Dada yangu naye anasema kila kitu chake cha jikoni amenunua kwa kusoma komenti na hajawahi kujuta. Sasa mimi nipo katikati. Komenti za wateja zinasaidia kweli au nazipa uzito usio wake? Na kama zinasaidia nazisomaje?

---

mtaa_wa_Rwagasore:

Dada mimi nipo dukani mjini hapa nauza vitu vya umeme kwahiyo utasema navutia kwangu lakini naongea ninachokijua. Mumeo yuko sahihi. Komenti zinauzwa na kununuliwa na sio siri. Amazon wenyewe, ambao ndo wakubwa kabisa wa hayo mambo, walianza kushtaki wauzaji wa rivyu feki, yaani hizo komenti na nyota za wateja, mwaka 2015, na 2022 wakafungua kesi dhidi ya watu wanaosimamia magrupu ya Facebook zaidi ya 10,000, magrupu ambayo kazi yake ni kutafuta mtu aandike nyota tano ili apewe hela au bidhaa ya bure. Grupu elfu kumi! Marekani tume yao ya biashara ikabidi itoe kanuni mwaka 2024 ya kupiga marufuku kununua na kuuza rivyu za uongo, ikaanza kazi Oktoba mwaka huohuo, na Uingereza nao wakaweka katazo lao likaanza Aprili 2025. Serikali haziwezi kuhangaika na sheria kwa kitu cha mchezo.

Na hapo nimeongelea tovuti ambazo angalau zina watu wa kukagua. Instagram mwenye ukurasa anafuta komenti yoyote anayotaka, anamfungia aliyeandika, na anaweza hata kuweka maneno kama "tapeli" au "mbovu" yasionekane kabisa. Kwahiyo wewe unachosoma pale ni kile alichokubali ukisome. Zile skrinishoti za WhatsApp "bosi mzigo nimepata" ndo kabisa, mtu mwenye simu mbili anatengeneza kabla chai haijapoa.

Njoo uione friza kwa macho, tuichomeke umeme mbele yako, uondoke na risiti ya EFD na waranti.

---

fundi_majokofu_Igoma:

Bosi wa Rwagasore kwenye Instagram nakubaliana na wewe, ila kusema komenti zote zisisomwe hapana. Mimi natengeneza friji na friza hapa Igoma na kabla sijamshauri mteja anunue nini huwa naingia kusoma watu wamelalamika nini. NARUDIA, wamelalamika nini. Nyota tano sizisomi, "nzuri sana naipenda" hainiambii kitu. Nyota moja nazo nusu ni hasira, mzigo ulichelewa, boksi lilibonyea, muuzaji hapokei simu. Dada nenda kwenye nyota mbili na nyota tatu, huko ndo kuna mtu ametulia anakwambia hiki kizuri hiki kibovu.

Nikupe mfano wa kwenye friza hiyohiyo unayotaka. Ukiona mtu ameandika kwamba "ilikuwa inagandisha vizuri, baadae ikawa inapoza tu haigandishi, na kompresa inaunguruma muda wote haizimi", huyo hajui ila mimi najua, gesi inavuja. Mmoja akiandika hivo inaweza kuwa bahati mbaya yake. Wakiandika watu wanne watano tofauti, kwa tarehe tofauti, kila mtu kwa maneno yake, hapo ujue modeli hiyo bomba zake zina shida, na friza nyingi za siku hizi bomba zimefukiwa ndani ya ukuta kwenye povu, kikivuja humo ndani kukitengeneza ni kazi kubwa kweli na mara nyingi haipoi. Hiyo taarifa hakuna muuzaji wa dukani atakupa, si kwa ubaya, hata yeye hajui maana friza anakaa nayo wiki inaondoka. Anayejua ni aliyekaa nayo mwaka.

Sasa zile nyota nne na nusu za tovuti za nje. Angalia wanaoandika wako wapi. Marekani umeme wao ni volti 120, sisi ni 230, kwahiyo hata kama jina la kampuni ni moja mashine iliyoko kwao siyo inayokuja huku. Wa Uingereza volti zinafanana na zetu lakini yeye friza yake ameiweka kwenye stoo yenye baridi, wewe utaiweka kwenye kibanda cha bati Buzuruga saa nane mchana. Nyuma ya friza kuna kibati kina herufi, tafuta N, ST au T. N imetengenezwa kwa joto la nje lisilozidi nyuzi 32, ST mpaka 38, T mpaka 43. Chini ya bati mchana 32 unazipita bila shida, kwahiyo yenye N itaunguruma kutwa, luku inakimbia na kompresa inachoka mapema. Mtu wa Manchester atakupa nyota tano kwa haki kabisa wala hajadanganya, na wewe huku itakufia.

Na kuna nyota nyingine ambazo wengi hawaziangalii, zilizochapwa kwenye friza yenyewe. Nyota tatu maana yake inatunza kitu kilichokwisha kuganda kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Nyota nne ndo inaweza kugandisha samaki mbichi vizuri kwa uwezo wake. Wewe unaweka sangara aliyetoka ziwani, unataka nyota nne hizo. Kwa komenti, tafuta mtu anayefanya kazi kama yako kwenye joto kama lako na umeme kama wako, wa namna hiyo wakiwa watatu tu wananitosha kuliko elfu tatu wa Ulaya.

---

kambi_ya_dagaa_Ukerewe:

Mayu pole na hongera kwa kikoba. Fundi ameongea neno zito hapo mwisho na mimi naongezea la kwetu visiwani.

Sisi tunavua dagaa kwa taa, tunaingia ziwani kipindi cha giza, mwezi ukiwa mkubwa tunapumzika. Zamani ni karabai na mafuta ya taa, saivi wengi tumehamia taa za sola na betri. Sasa betri ndo kuna uongo wa kutisha mtandaoni. Ameandika 12V 100Ah, hiyo Ah ndo kiasi cha umeme inachobeba, picha nzuri, bei ya huruma, komenti nyota tano zimejaa "mzigo umefika salama". Jamani mzigo kufika salama inahusiana nini na betri kuwaka usiku kucha? Mtu kaandika siku ileile aliyopokea, hata hajaichaji.

Iliyotuokoa ni komenti moja fupi ya jamaa mmoja nadhani ni upande wa Kenya huko maana kiswahili chake kilikuwa cha kule, yeye aliandika tu "nimeipima kwenye mizani ni kilo nne". Basi. Kwa anayejua betri hapo umemaliza, maana betri ya maji au ya asidi ya 12V yenye 100Ah kweli inakwenda kilo ishirini na tano mpaka thelathini, na hata hizi mpya za lithiamu ni kama kilo kumi na kitu. Kilo nne haiwezekani, ndani kuna kitu kidogo wamekivalisha ganda kubwa. Tukaacha. Mimi kwa hiyo komenti moja nawashukuru watu wanaoandika hata leo, yule bwana hanijui lakini hela ya kambi nzima haikuzama.

Kwahiyo mayu ukisoma tafuta aliyepima. Kilo, saa, tarehe, luku imetumika uniti ngapi, amekaa nayo muda gani. Aliyesifia tu mpite salama.

---

mama_Buzuruga:

Asanteni sana, fundi hiyo ya herufi sikuwahi kuisikia kabisa, kesho naenda kuangalia vibati.

Nina la kuuliza tena. Huo ukurasa wa Instagram una tiki ya bluu na wafuasi wengi sana, sio wa juzi. Hiyo si inaonesha kwamba ni duka la kweli?

---

nyegezi_kona:

Dada tiki isikutishe, tangu 2023 Meta wenyewe, wenye Instagram, wanaiuza tiki ya bluu kwa malipo ya kila mwezi kwenye nchi mbalimbali, inathibitisha mtu au biashara inayoitwa hivo ipo, haithibitishi friza yake inagandisha. Na wafuasi wananunulika kama komenti tu, tena kuna ukurasa ulianza kama wa vichekesho au wa mpira ukapata watu, ukauzwa, ukabadilishwa jina ukawa duka. Kwenye Instagram nenda juu kwenye jina, bonyeza sehemu ya kuhusu akaunti hiyo, kwa akaunti nyingi utaona imefunguliwa lini na imewahi kubadilisha jina mara ngapi. Fanya hivo kabla ya komenti hata moja.

Nilisoma mambo ya biashara chuo na hili la rivyu tulilisoma kidogo, niseme ninachokikumbuka vizuri. Kwenye tovuti kama Amazon watafiti walishaona kwamba ukichora nyota zote zilizotolewa, unakuta nyota tano ni rundo kubwa, nyota moja rundo dogo, na katikati pamebonyea, yaani ni kwa sababu anayechukua muda wake kuandika ni aliyefurahi sana au aliyeumia sana, yule ambaye kitu kimemfaa kiasi anaendelea na maisha yake haandiki. Kwahiyo ile wastani ya 4.5 sio picha ya wateja wote, ni picha ya waliosukumwa na moyo kuandika, na ndo maana fundi kasema nenda katikati, kuna watu wachache lakini wanasema.

Na kwanini wauzaji wanahangaika kiasi hicho kuzinunua? Kwa sababu zina hela ndani. Kuna profesa wa Harvard anaitwa Michael Luca aliangalia migahawa ya Seattle kule Marekani na nyota zake za Yelp, tovuti ambayo wateja wanaandika maoni yao, akaona nyota moja ikiongezeka mapato ya mgahawa yanapanda asilimia 5 mpaka 9. Sasa kama nyota moja inakuletea hiyo hela na kuinunua ni rahisi, wapo watakaonunua tu. London mwaka 2017 kuna mwandishi alisajili banda la nyuma ya nyumba anayokaa kama mgahawa kwenye TripAdvisor, tovuti nyingine ya maoni ya wateja, marafiki zake wakaandika sifa, na banda likapanda mpaka likawa mgahawa namba moja wa London wakati hakuna sahani hata moja iliyowahi kuuzwa pale. Watu wazima wa London walikuwa wanapiga simu kuomba nafasi.

Lakini na mimi siungani na bosi wa Rwagasore kwamba tuache kabisa. Uongo una alama zake. Komenti nyingi za siku mbili tatu mfululizo alafu kimya miezi. Sentensi zinazofanana, jina kamili la bidhaa limetajwa kila komenti kama tangazo. Aliyeandika ukifungua akaunti yake hana picha, hana rafiki, anasifia maduka tofauti tofauti. Kwenye zile tovuti kubwa angalia pia kama komenti inahusu kitu hichohicho, kuna wauzaji wanachukua ukurasa wa bidhaa ya zamani iliyokuwa na nyota nyingi wanabadilisha picha wanaweka kitu kingine, ukisoma chini unakuta watu wanasifia kava la simu wakati wewe unaangalia spika.

---

vitenge_Kirumba:

Naomba na sisi wauzaji tusikilizwe jamani. Nauza vitenge na mashuka mtandaoni niko Kirumba, natuma Geita, Musoma, Bukoba, Shinyanga, na sijawahi kununua komenti hata moja wala kufuta iliyonisema vibaya. Inauma mtu akisema wote tunajiandikia.

Ukweli wa upande wetu ni kwamba mteja aliyeridhika HAANDIKI. Anapokea kitenge, anashona, anapendeza harusini, anakutumia picha inboksi "asante dada", ukimwomba aandike pale hadharani anaona aibu au anaona anajianika. Aliyekasirika anaandika dakika hiyohiyo. Na mara nyingine amekasirikia basi, mzigo umelala stendi wamesahau kuushusha, yeye anamalizia kwangu, nyota moja, "wezi hawa". Kitenge chenyewe hajakifungua. Kwahiyo ukiona komenti mbaya nayo isome, anasema kitu ni kibovu, au muuzaji ni mbovu, au usafiri ulikuwa mbovu? Ni mambo matatu tofauti. Friza inaweza kuwa nzuri kabisa na muuzaji tapeli. Muuzaji anaweza kuwa mcha Mungu na friza ikawa ile ya gesi kuvuja aliyosema fundi.

Alafu angalia muuzaji anajibuje akisemwa. Hapo mimi ndo huwa namjua mwenzangu. Anayejibu "samahani mama nitumie namba ya mzigo nifuatilie" na baadae mteja anarudi kusema amebadilishiwa, huyo nanunua kwake. Anayejibu kwa matusi au anayefunga komenti kabisa hapana. Ukurasa ambao hauna lalamiko hata moja kwa miaka nao unanitia shaka, maana mimi najitahidi sana na bado malalamiko ninayo, rangi ya picha na ya kitambaa hazilingani na mwanga, mtu ana haki ya kulalamika.

Na ninaomba, tena naomba kwa moyo, mnaonunua mtandaoni andikeni. Sio siku ya kupokea. Andikeni baada ya kufua mara kadhaa, baada ya friza kupita kiangazi. Waandishi wa uongo wanatushinda kwa sababu moja tu, wao wanaandika kila siku na watu wa kweli wamenyamaza.

---

mtaa_wa_Rwagasore:

Dada wa Kirumba hapo kwenye kunyamaza umenigusa, hata mimi wateja wangu wazuri hawaandiki popote.

Basi niongezee kwa upande wa haki maana watu hawajui. Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa, na Tume ya Ushindani ndo inasimamia na kukamata bidhaa bandia. TBS wanahusika na viwango. Kwa simu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wameweka njia rahisi kabisa, bonyeza *#06# upate namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu yenyewe, uzitume 15090 watakwambia hiyo simu ni ya kampuni gani modeli gani, ikitofautiana na uliyoshika mkononi ujue ni feki, mnakumbuka Juni 2016 simu feki zilivyozimwa nchi nzima. Hiyo namba ina thamani kuliko komenti za wafuasi laki moja. Na namba ya tapeli anayetuma meseji za "tuma hela kwa namba hii" unaipeleka 15040. Shida ni kwamba friza haina IMEI ya kutuma popote, kwahiyo bado nasema kitu cha laki nane ukilipe umekiona.

Kama lazima ununue Dar, ulizia kama ana mtu au wakala Mwanza unalipia ukipokea. Akikataa kabisa kabisa, hiyo laki na nusu unayookoa iache.

---

mama_Buzuruga:

Nimerudi jamani nina habari kidogo.

Nilifanya aliyosema nyegezi_kona. Ule ukurasa umebadilishwa jina, na zaidi ya mara moja. Moyo ulishtuka kwanza, lakini nikasema nisihukumu, nikachukua watu kadhaa walioandika komenti nzuri nikawaandikia inboksi kwa adabu, "samahani dada au kaka, uliwahi kununua friza hapa, inaendeleaje?" Wengi hawakujibu. Mmoja akajibu haraka sana, akanisifia duka kuliko hata duka linavyojisifia, nilipomuuliza yuko mkoa gani na friza yake ni lita ngapi akanyamaza. Mwingine mama mmoja wa Geita, huyu Mungu ambariki, akanipigia kabisa. Alinunua kweli, friza ilifika, ilikaa njiani muda mrefu kuliko alivyoambiwa, kona moja imebonyea. Inafanya kazi ila anasema mchana haizimi, inaunguruma kutwa, na uniti za luku zimepanda mpaka mwanae akahisi kuna mtu anawaibia umeme. Nikamwomba aangalie kibati cha nyuma. Akasoma, N.

Ile komenti yake kwenye ukurasa ilikuwa imeandikwa "nimepokea asanteni". Nikamuuliza mbona hukuongeza hayo mengine, akasema sikujua kama kuna mtu anasoma.

Hapa mjini leo nimepata ya kampuni nyingine, lita 198, kibati kina T, nyota nne zipo, bei imezidi ya Dar lakini sio sana kama ya kwanza. Kabla ya kulipa nimemtafuta mama mmoja Igogo anauza maziwa ya mgando na juisi anayo hiyohiyo, nimeigusa, samaki wa nyumbani kwake wameganda kama jiwe, anasema ana mwaka nayo na kiangazi kimepita. Umeme ukikatika akiiacha imefungwa anasema vitu vinakaa mpaka kesho yake. Mimi hapo nimeridhika ila naomba fundi aseme neno la mwisho kabla sijatoa hela.

---

kambi_ya_dagaa_Ukerewe:

Mayu huyo mama wa Igogo ndo komenti tuliyokuwa tunaisema.

---

fundi_majokofu_Igoma:

T na nyota nne chukua. Kabla hujalipa fanya hivi, waambie waichomeke, subiri isikike kompresa imewaka, weka mkono ubavuni nje baada ya muda, inatakiwa ipate uvuguvugu kwa sababu ndo inatoa joto, na ndani ukutani ianze kuwa baridi. Chunguza mpira wa mfuniko, bana noti ya elfu moja funga alafu ivute, ikitoka kirahisi mpira haubani. Angalia kibati kimeandika gesi gani, ikiwa R600a sio mbaya, ni ya kisasa na haili umeme sana, ila inashika moto kwahiyo siku ikiharibika usimwite fundi yeyote wa kupita, tafuta aliyezoea hiyo gesi.

Nunua na friji gadi siku hiyohiyo, usisubiri. Huku kwetu umeme unakatika na kurudi papo hapo na wakati mwingine unarudi mdogo, kompresa ikiwashwa kabla presha ya ndani haijatulia inaungua, ile gadi inausubirisha umeme dakika chache kabla ya kuuruhusu. Ni hela ndogo sana ukilinganisha na kompresa.

Kwenye gari isimamishwe wima, wasiilaze. Ikilazimika kulazwa basi ikifika kwako iache imesimama bila umeme saa nyingi, hata ikilala hivo mpaka kesho, ili oili irudi kwenye kompresa. Usiisogeze ikagusa ukuta, acha kama shubiri kila upande ipumue, na siku ya kwanza usijaze sangara wote wa moto wa jua mara moja, anza tupu mpaka ishike baridi, alafu weka kidogo kidogo. Ukikwama sema hapa.

---

mama_Buzuruga:

Nimekuelewa fundi. Noti ya elfu moja nimeijaribu tayari pale dukani, haikutoka. Kesho asubuhi nikitoka Mwaloni napitia kulipa, na gadi naichukua hapohapo.